Wavuvi na Wafugaji Juu ya Mchanga Mmoja: Uchambuzi wa Kisa Kutoka Mashariki ya Ziwa Turkana

Kisa hiki kinahusu kituo kimoja cha akiolojia kilichoko upande wa mashariki wa Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kenya. Kinafaa kufundishia kwa sababu kikosi kilichohusika kilikuwa na ujuzi, kibali halali na nia njema, na bado kilikaribia kuchapisha hoja ambayo ardhi yenyewe haikuiunga mkono. Majina ya watu na taasisi yameondolewa. Maelezo ya mahali nayo yamepunguzwa makusudi, kwa kuwa kituo cha kale kinachotangazwa kabla ya kulindwa huishia mifukoni mwa wapita njia.

## Usuli: ziwa, mvua na mifugo

Ziwa Turkana lina urefu wa kilomita 250 hivi na limezungukwa na nchi kavu, huku Jangwa la Chalbi likiwa upande wake wa mashariki. Takriban asilimia 90 ya maji yake huletwa na Mto Omo kutoka Ethiopia, na maji hayo hayana njia ya kutokea isipokuwa kugeuka mvuke. Pepo za kusini-mashariki huvuma kwa nguvu karibu mwaka mzima, zikipeperusha mchanga mwepesi na kuacha kila kilicho kizito.

Hali haikuwa hivi siku zote. Katika kipindi ambacho wanasayansi hukiita Kipindi cha Mvua cha Afrika, kati ya takriban miaka 14,800 na 5,500 iliyopita, hata Sahara ilikuwa na maziwa na nyasi, na maji ya Turkana yalipanda makumi ya mita juu ya usawa wa leo hadi yakafurika kuelekea kaskazini-magharibi na kuungana na bonde la Mto Nile. Wavuvi waliishi kwenye fuo za ziwa hilo kubwa, wakachonga vyusa vya mfupa vyenye meno upande mmoja, wakala sangara, kambare, kasa na mamba. Vyusa hivyo vimepatikana katika vituo vya kale vya kando ya ziwa: Lowasera, Lothagam na katika eneo la Koobi Fora. Mvua zilipopungua, ziwa lilishuka kwa kasi miaka ipatayo 5,300 iliyopita. Ni katika msukosuko huo ambapo mifugo ya kwanza inaonekana katika ardhi ya Kenya: mbuzi, kondoo na ng'ombe. Mbuzi na kondoo hawana mababu wa mwituni Afrika Mashariki, kwa hiyo jino lao likipatikana katika tabaka lisilovurugwa ni ushahidi kwamba mnyama au uzao wake uliletwa kutoka mbali. Wafugaji hao wa mwanzo ndio waliojenga makaburi ya pamoja yenye nguzo za mawe. Lothagam Kaskazini, lililotumika kati ya takriban miaka 5,000 na 4,300 iliyopita, linakadiriwa kuhifadhi watu wasiopungua 580.

Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba Neolithiki, yaani Zama Mpya za Mawe, ni kilimo, vijiji na mashoka ya mawe yaliyosuguliwa. Afrika Mashariki haifuati maelezo hayo. Hapa ufugaji ulitangulia kilimo kwa muda mrefu, na watu waliofuga hawakuacha kutumia zana ndogondogo za mawe zilizokuwa zikitumika tangu Zama za Mawe za Mwisho. Ndiyo maana watafiti huzungumzia Neolithiki ya Wafugaji, na ndiyo maana zana ya jiwe ikiwa peke yake, hata iwe nzuri namna gani, mara nyingi haiwezi kumwambia mtu kama aliyeichonga alikuwa na kundi la mbuzi au alikuwa na chusa. Ugumu wote wa kisa hiki ulianzia hapo.

## Mahali palivyokuwa

Kituo kiko kwenye mteremko unaoshuka kutoka tuta la ufuo wa kale hadi ukingo wa laga, yaani mkondo wa mto wa msimu. Juu ya tuta kuna changarawe na maganda ya makome. Chini yake mchanga wa ziwa umelala kwa matabaka. Kila laga inapojaa hula kipande cha ukingo, na kila upepo unapovuma huondoa mchanga wa juu, hivyo vitu vilivyokuwa vimefukiwa katika vina tofauti hushuka polepole na kuishia kulala juu ya uso mmoja.

Mfugaji mwenyeji ndiye aliyewaeleza watafiti kwamba baada ya mvua mawe meusi yanayong'aa yalikuwa yametokeza mahali hapo. Walipofika waliona mteremko uliotapakaa vitu: vihilali vya obsidiani, yaani zana ndogo zenye umbo la mwezi mwandamo zilizochongwa kwa jiwe la kioo cha volkano, vibanzi, yaani vipande vyembamba vinavyobanduka jiwe linapopigwa, vya mawe magumu ya cherti na kwatzi, vigae vilivyojaa vitobo vilivyochomwa kwa mistari iliyobanana, mtindo unaojulikana kama Nderit, vipande vya vyusa, mifupa ya samaki, na magego ya mbuzi au kondoo.

## Msimu wa kwanza

Kikosi kilikuwa katika ukaguzi wa eneo kubwa, si uchimbaji. Maji na mafuta ya gari yalikuwa yamepungua, na mawingu yalikuwa yakikusanyika upande wa Ethiopia. Kiongozi aliamua kuokota vitu alivyoviona kuwa na maana: zana zilizokamilika, vigae vyenye nakshi, vyusa na meno. Vibanzi visivyo na umbo viliachwa. Nukta moja ya GPS ilichukuliwa katikati ya mteremko na kuandikwa kwenye mifuko yote.

Uamuzi wa pili ulihusu wenyeji. Ili kuwatia watu moyo waoneshe vituo vingine, kikosi kilitoa sukari na tumbaku kwa yeyote aliyeleta jiwe la kale au kipande cha mfupa kilichochongwa. Ulionekana kuwa ukarimu wa kawaida. Athari zake zilijulikana baadaye.

Kabla ya mwaka kwisha rasimu ya makala ilikuwa tayari. Ilidai kwamba kituo kilikuwa cha jamii moja iliyovua kwa vyusa na kufuga mbuzi kwa wakati mmoja, jamii yenye mapokeo yake ya zana za mawe, na ikapendekeza mapokeo hayo yapewe jina. Hoja yote ilisimama juu ya jambo moja: vitu hivyo vyote vilikutwa pamoja.

## Kihilali chenye rangi mbili

Kabla rasimu haijapelekwa kwa wahariri, mawe yalipitiwa upya katika maabara ya makumbusho. Nilikuwa miongoni mwa waliokaa kwenye meza hiyo, na jambo lililobadilisha mwelekeo wa kazi lilikuwa dogo kuliko ukucha.

Kihilali kimoja cha obsidiani kilipowekwa chini ya taa iliyoinamishwa, sehemu zake mbili hazikulingana. Uso wa kibanzi ulikuwa umefifia na kuwa wa kijivu, na kingo kati ya makovu yake zilikuwa zimelainishwa na mchanga uliopeperushwa juu yake kwa muda mrefu mno. Lakini kwenye mgongo, mahali ambapo mchongaji alikuwa amebutusha ukingo, yaani ameufanya butu, kwa mapigo madogomadogo ili jiwe likae vizuri ndani ya mpini kwa ulimbo, makovu yalikuwa meusi, makali na yenye kung'aa. Kibanzi kilipigwa zamani, kikaachwa kwenye upepo. Baada ya muda mrefu mtu mwingine akakiokota, akakibutusha mgongo na kukifanya kihilali. Zana moja, mikono miwili, nyakati mbili.

Tulipokagua mkusanyiko wote kwa jicho hilo, tulipata vingine vya namna hiyo. Kukawa na vingine vilivyofifia pande zote, na vingine visivyofifia hata kidogo. Mteremko ule ulikuwa umekusanya angalau vipindi viwili vya shughuli, na watu wa kipindi cha baadaye walikuwa wameokota mawe ya waliowatangulia. Kukutwa pamoja kwa vitu hivyo kulikuwa kazi ya upepo kwa kiasi kile kile kilichokuwa kazi ya watu.

Kasoro nyingine ilijitokeza papo hapo. Kwa kuwa vibanzi visivyo na umbo vilikuwa vimeachwa mteremkoni, hakuna aliyeweza kusema kama zana zile zilichongwa hapo au zililetwa zikiwa tayari. Mtu anayechonga kihilali kimoja huangusha chini vumbi na vibanzi kwa makumi. Takataka hizo hukaa pale alipoketi, ilhali zana yenyewe huondoka na mwenyewe. Mkusanyiko wenye zana nzuri pekee umekwisha poteza nusu ya habari.

## Maamuzi ya msimu wa pili, na sababu zake

Rasimu ilisimamishwa. Uamuzi huo haukupita bila mvutano, kwa sababu mtafiti kijana kikosini alihitaji makala hiyo kwa ajili ya shahada yake, na kusubiri msimu mwingine kulimaanisha kusubiri pia fedha. Kiongozi alikubali kusubiri baada ya kuulizwa swali moja ambalo hakuweza kulijibu kwa ushahidi aliokuwa nao: kati ya vyusa na magego ya mbuzi, ni kipi kilichotoka chini ya kingine? Kwa maoni yangu kukubali huko ndiko kulikookoa kazi yote, na mtafiti kijana hatimaye alipata tasnifu yenye nguvu zaidi.

Kikosi kiliporudi kikiwa na kibali kipya, kilianza kwa kuketi na wazee. Hapo ndipo kilipogundua kwamba vijana walikuwa wameendelea kuokota mawe yanayong'aa tangu ugeni ule wa kwanza, wakiyaweka ndani ya makopo wakingojea sukari. Baadhi yalitoka kwenye mteremko uleule, mengine kutoka mahali ambapo hakuna aliyekumbuka. Zawadi zilikomeshwa. Badala yake kikosi kiliajiri vibarua wa eneo hilo kwa ujira wa siku, uliokuwa sawa iwe siku hiyo wamepata kitu au hawakupata, na mfugaji aliyeonesha kituo akawekwa kuwa mlinzi wake. Wazee walielezwa pia kwamba sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu makumbusho na urithi inavihesabu vitu hivyo kuwa mali ya taifa, na kwamba vitahifadhiwa nchini. Mzee mmoja aliuliza kama watoto wao wataruhusiwa kuja kuviona. Ahadi ya kuvirudisha kwa maonyesho shuleni ilitolewa siku hiyo, na ikaandikwa kwenye mpango wa kazi.

Juu ya ardhi, mteremko uligawanywa kwa kamba katika miraba ya mita moja. Kikosi kilichagua baadhi ya miraba kwa kura na kuiacha mingine bila kuguswa. Katika miraba iliyochaguliwa kila kitu kilikusanywa, hata vumbi la juu, kisha kikachekechwa kwa chekecheke lenye matundu ya milimita 2. Wengine walitaka milimita 5 ili kazi iende haraka, lakini chekecheke la matundu makubwa hupitisha vibanzi vile vidogo vinavyoruka mtu anapobutusha mgongo wa kihilali, na hivyo ndivyo vilivyokuwa vikitafutwa.

Uamuzi uliowashangaza vibarua ulikuwa wa mahali pa kuchimba. Mawe yalikuwa mengi chini ya mteremko, na kila mtu alitarajia shimo lichimbwe huko. Kikosi kilichimba juu, karibu na tuta, mahali ambapo juu ya ardhi hapakuwa na kitu cha kutazamwa. Sababu ni kwamba wingi wa mawe juu ya ardhi jangwani mara nyingi ni dalili kwamba mchanga uliokuwa umeyashika umekwisha kuondoka. Matabaka yaliyosalia hutafutwa mahali ambapo upepo haujamaliza kazi yake. Mtaro ulishushwa kwa ngazi kutoka tuta hadi ukingo wa laga ili ukuta mmoja uoneshe mfuatano wote.

Kuhusu umri, kikosi kilipanga mapema nini kipimwe kwa kaboni-14, njia ya kupima umri wa mabaki ya viumbe. Mifupa ya Turkana mara nyingi imepoteza kolajeni, yaani protini ya mfupa inayopimwa, kwa sababu ya joto, kwa hiyo haikutegemewa. Maganda ya makome ya ziwani huweza kuonekana ya kale kuliko yalivyo, kwa kuwa mnyama huyo hujenga ganda lake kwa kaboni ya kale iliyoyeyuka majini. Makaa ya kuni yalipewa nafasi ya kwanza, na maganda ya mayai ya mbuni nafasi ya pili. Hata hivyo, ganda moja la kome lilipelekwa maabara pamoja na mengine, kwa ajili ya kulinganisha.

## Matokeo

Ukuta wa mtaro ulijibu swali lililoulizwa mezani. Chini ya mchanga wa upepo kulikuwa na tabaka la kijivu lenye majivu ya meko, vigae vya Nderit, magego ya mbuzi na kondoo, na mifupa ya samaki. Chini yake kulikuwa na ukanda wa changarawe na makome, alama ya ufuo, ambao haukuwa na meko wala kigae. Chini ya ukanda huo kulikuwa na mchanga mwembamba wenye rangi hafifu, na ndani yake mifupa mingi ya samaki, kipande cha chusa na zana ndogondogo za mawe. Humo hapakuwa na jino la mfugo wala kigae cha Nderit.

Makaa na ganda la yai la mbuni kutoka tabaka la juu yalikubaliana: wakaaji wa juu waliishi hapo baada ya ziwa kushuka, chini ya miaka 5,000 iliyopita. Ganda la yai kutoka tabaka la chini liliangukia kipindi cha ziwa la juu, maelfu ya miaka kabla. Ganda la kome kutoka changarawe lilitoa umri usioingia katika mfuatano huo, kama ilivyohofiwa, na halikutumiwa.

Habari za mawe zilikuwa nzito kuliko tulivyotarajia. Kwa umbo, vihilali vya juu na vya chini havikutofautishwa kwa urahisi: njia ileile ya kupiga vijembe vyembamba kutoka kwenye jiwe mama, yaani bonge linalobanduliwa vipande, kuvivunja, kisha kubutusha mgongo. Tofauti ilikuwa katika jiwe lenyewe na katika takataka zake. Wavuvi wa chini walitumia zaidi kwatzi na cherti za laga, na mawe mama yao yalitupwa yakiwa bado na nafasi ya kupigwa. Wakaaji wa juu walitumia obsidiani kwa wingi zaidi, na mawe mama yao ya obsidiani yalikuwa yamepigwa mpaka yakabaki madogo yasiyoshikika. Hapakuwa na vibanzi vyenye gamba la nje la obsidiani, ila chekecheke la milimita 2 lilinasa kando ya meko vumbi jingi la kubutushia. Jiwe liliwafikia likiwa limekwisha menywa mahali pengine, likatunzwa kama kitu cha thamani, na kazi ya mwisho ikafanyiwa hapo penye moto. Kwa vituo vya Koobi Fora uchunguzi wa kikemia umekwisha kuhusisha sehemu ya obsidiani na North Island, kisiwa cha volkano kilichomo ndani ya ziwa. Sampuli za kituo hiki zimepelekwa kwa uchunguzi wa namna hiyo.

Kulikuwa na vibanzi vichache vya obsidiani ndani ya changarawe, na kwa siku kadhaa vilizua wasiwasi kwamba matabaka yalikuwa yamechanganyika. Kibanzi kimojawapo kiliungana barabara na kingine kilichotoka karibu na meko ya juu, kovu kwa kovu. Viwili hivyo vilitoka kwenye jiwe mama moja, hivyo cha chini kilikuwa kimesukumwa tu, pengine kwa kwato za mifugo iliyokanyaga mchanga laini. Vibanzi vya changarawe vilihesabiwa kuwa vya juu.

## Uchambuzi

Jambo ninalotaka msomaji alitazame kwa makini ni kwamba rasimu ya kwanza haikuwa na makosa katika kila kitu. Ilisema watu wa mahali hapo walifuga na kuvua, na tabaka la juu linaonesha kwamba walifuga na kuvua kweli. Kilichoanguka ni njia iliyotumika kufika huko. Rasimu iliwapa wafugaji vyusa ambavyo, kwa ushahidi uliopo, ni vya wavuvi waliowatangulia kwa maelfu ya miaka, kisha ikaunda kutokana na mchanganyiko huo mapokeo ambayo hayakuwahi kuwa ya mtu yeyote. Kama ingechapishwa, wengine wangeitumia kudai kwamba vyusa na mbuzi vilikwenda pamoja, na jina jipya lingeingia katika ramani na vitabu vya kufundishia. Jina likishaingia humo, kuliondoa huchukua kizazi.

Hatari hiyo si ya Turkana peke yake. Huko Qatar, Mdenmark Holger Kapel alichapisha mwaka 1967 mpangilio wa zana za mawe za jangwa katika makundi manne, A hadi D, yaliyotegemea zaidi mawe yaliyookotwa juu ya ardhi. Kundi A lilidhaniwa kuwa la kale kuliko yote kwa sababu ya ukubwa na ukwaru wa zana zake. Uchimbaji uliofanywa baadaye na Wafaransa huko Al Khor ulionesha kwamba dhana hiyo haikusimama, na kwamba kundi hilo lilipaswa kusogezwa mbele katika mfuatano. Kapel alikuwa mwangalifu katika kupanga maumbo. Alichokosa ni matabaka, na umbo pekee halina saa ndani yake. Anayefanya kazi katika nchi ya upepo akumbuke hilo kila anapojaribiwa kuiita zana ya kikwaru kuwa ya kale na zana nyororo kuwa ya karibuni.

Kilichofaulu zaidi katika msimu wa pili, kwa maoni yangu, ni uchaguzi wa mahali pa mtaro. Kuna ushawishi mkubwa wa kuchimba penye vitu vingi, hasa pale wafadhili wanaposubiri picha. Kikosi kilichimba penye matabaka, kikapata vitu vichache vyenye mahali pake, na vichache hivyo vikawa na uzito kuliko mifuko yote ya msimu wa kwanza. Chekecheke la matundu madogo linafuata kwa umuhimu. Bila hilo tofauti kati ya wavuvi na wafugaji isingeonekana kwenye mawe, kwa sababu tofauti hiyo haikuwa katika zana zilizokamilika. Ilikuwa katika namna watu walivyolipata jiwe, walivyolitunza na walivyolimaliza.

Hili la mwisho linastahili kukaziwa. Ufugaji ulipofika Turkana ulibadilisha chakula, makaburi na pengine namna watu walivyohesabu mali, lakini katika kituo hiki haukubadilisha mkono wa mchongaji. Huenda wafugaji wa kwanza walikuwa wageni waliojifunza uchongaji wa wenyeji. Huenda pia walikuwa uzao wa wavuvi walewale waliopokea mbuzi kutoka kwa majirani, au watu wa pande zote mbili waliooana. Mtaro mmoja hautoshi kuamua kati ya hayo, na ripoti iliacha kuamua. Niliiheshimu ripoti hiyo kwa kujizuia. Kilichoweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba mitandao ya watu ilipanuka, kwa kuwa obsidiani haitokei kwenye laga ile na ilibidi mtu aifuate au apewe na mtu.

Palipoharibika pako wazi. Vitu vya msimu wa kwanza vyenye nukta moja ya GPS haviwezi kurudishwa mahali pake. Vyusa vilivyookotwa wakati huo vinaweza kuwa vya tabaka la chini, na ni jambo la busara kudhani hivyo, lakini haviwezi kutumiwa kuthibitisha chochote. Hofu ya mvua ilikuwa ya kweli, ila saa chache za kuchukua nukta kwa kila kundi la vitu zingetosha kuonesha kama vyusa vilitapakaa karibu na laga na vigae karibu na tuta. Hasara ya zawadi ilikuwa kubwa zaidi kwa sababu iliendelea hata baada ya kikosi kuondoka. Sukari iliwafundisha vijana kwamba jiwe lina thamani linapotolewa mahali pake, na hilo ni kinyume kabisa cha kile akiolojia inachohitaji. Makopo yaliyokusanywa yalipokelewa na kuandikwa kama vitu visivyo na mahali. Hayakutupwa wala walioyaleta hawakulaumiwa, na ninaamini njia hiyo ilikuwa ya haki, maana kosa halikuwa lao.

Ujira wa siku na ulinzi wa mfugaji vilifanya kazi kuliko ilivyotegemewa. Mlinzi huyo ndiye aliyegundua, kati ya misimu, kwamba laga ilikuwa imekata ukingo mpya na kufunua meko nyingine, akazuia mifugo isipite hapo na kutuma habari. Hakugusa kitu.

## Hali ilivyo sasa

Mkusanyiko wa msimu wa kwanza uko katika stoo ya makumbusho ukiwa na lebo inayosema wazi kwamba ulitoka juu ya ardhi bila tabaka. Mkusanyiko wa mtaro umehifadhiwa peke yake, na rasimu ya zamani imeandikwa upya bila jina la mapokeo mapya. Maonyesho ya shuleni yalifanyika kwa kutumia nakala za plasta pamoja na vibanzi vichache halisi, na wanafunzi waliruhusiwa kujaribu kupiga cherti ya laga chini ya uangalizi.

Swali lililobaki ni la ukingo. Laga itaendelea kuula, na meko iliyofunuliwa haitastahimili mafuriko mengi. Wapo wanaotaka tabaka lote la juu lichimbwe sasa. Nimeshauri tofauti: upande unaokaribia kuanguka uchimbwe, na upande wa ndani wa tuta, ambao bado umefunikwa, uachwe kwa watafiti watakaokuja na vipimo bora kuliko vyetu, hasa vya kusoma mabaki ya mafuta ya maziwa na nyama yaliyonyonywa na vyungu. Ombi la kibali cha msimu wa tatu limeandikwa kwa msingi huo, na eneo linaloombwa kuchimbwa ni ukingo peke yake.